Pancha haipigi hodi: Jinsi ya kuchagua kihisi cha upepo kwa gari la fowili

Ijumaa, Juni 24, 2022, Sébastien Ogier alikuwa anaongoza Safari Rally. Tayari alikuwa bingwa wa dunia mara nane, alikuwa ameshinda Safari ya mwaka uliotangulia, na siku ilikuwa inaelekea ukingoni. Kisha ikaja hatua ya Kedong. Tairi moja likaisha upepo, zaidi ya dakika mbili zikayeyukia vumbini, na Mfaransa huyo akaporomoka kutoka nafasi ya kwanza hadi ya sita. Jumapili alimaliza wa nne, nyuma ya wenzake watatu wa Toyota: Kalle Rovanperä, Elfyn Evans na Takamoto Katsuta.

Kwa shabiki aliyesimama kando ya njia, pancha ya Ogier ilikuwa sehemu ya utamu wa Safari. Lakini shabiki huyo naye ana gari. Jioni anapakia watoto, viti na friji ya plastiki, anawasha Prado yake na kugeuza kuelekea Nairobi. Tairi likimwishia upepo akiwa kwenye lami, huku malori yakimkaribia nyuma, hapo hakuna burudani tena.

Ndiyo maana kabla msimu mwingine wa vumbi haujafika, kuna kifaa kidogo ambacho kila mwenye fowili anapaswa kukifikiria: kihisi cha upepo wa tairi. Mafundi wengi hukiita sensa. Kazi yake ni kupima presha ndani ya tairi gari likiwa linatembea, na kumpigia dereva kelele upepo unapopungua. Viko vya kila aina na kila bei. Kuna vinavyofaa teksi ya mjini na havifai hata kidogo gari la kuingia porini. Anayenunua bila kuuliza atalipia taa ya mapambo.

MCHEZO NDIO ULIOTANGULIA

Kifaa hiki kina damu ya mbio. Gari la kwanza la barabarani kuuzwa likiwa na mfumo wa kufuatilia presha ya tairi lilikuwa Porsche 959, katika miaka ya 1980. Nalo lilikuwa fowili. Mwaka 1986 gari la aina hiyo lilishinda mbio za Paris–Dakar, likiendeshwa na René Metge na Dominique Lemoyne.

Dakar yenyewe imeendelea kufundisha somo hilo hilo. Mwaka 2021, kule Saudi Arabia, Nasser Al-Attiyah wa Qatar alikuwa na kasi ya kushinda akiwa na Toyota Hilux ya fowili. Pancha zikamwandama. Stéphane Peterhansel akachukua taji lake la 14 akiwa na Mini iliyosukumwa na magurudumu mawili tu ya nyuma. Kanuni za wakati huo ziliyapa magari ya aina ya Mini ile matairi makubwa zaidi, na dereva wake aliruhusiwa kuongeza na kupunguza upepo akiwa amekaa kwenye kiti chake. Wenye fowili walilazimika kusimama, kushuka na kuinama.

Malalamiko yalisikika. Mwaka 2022 likaanzishwa kundi jipya la T1+, lililoyapa magari ya fowili matairi ya inchi 37. Al-Attiyah alishinda mwaka huo, na 2023 akashinda tena.

Hapo ndipo dereva wa kawaida anapaswa kujiuliza. Ikiwa watu wenye mafundi, magari ya msaada na fedha za kiwanda wanaweza kushindwa au kushinda kwa sababu ya upepo, yeye aliyejazwa tairi kwenye kituo cha petroli wiki tatu zilizopita anategemea nini?

JINSI TAIRI LINAVYOMUUA MTU

Tairi lenye upepo mdogo halipasuki papo hapo. Linaanza kwa kujikunja. Kila gurudumu linapozunguka, ubavu wa tairi unabonyea ukigusa chini na kunyooka ukiinuka. Tendo hilo, likirudiwa mamia ya mara kwa dakika, linazaa joto. Joto likizidi, gundi inayoshika mpira na nyuzi za chuma ndani inaanza kuachia. Mwisho wake ngozi ya nje inabanduka, tena mara nyingi kwa mwendo wa kasi, kwa sababu kasi ndiyo inayoongeza joto.

Mwenye saluni ndogo anaweza kuhisi mapema: usukani unavuta, gari linayumba. Mwenye fowili yuko juu, tairi lake ni nene, springi ni ngumu, na barabara yenyewe ina matuta. Dalili zote zinafichwa. Ukilitazama tairi kwa macho, lenye PSI 22 na lenye PSI 34 yanaweza kukudanganya kabisa, hasa matairi mapya ya porini yenye mbavu ngumu. Kulipiga teke ni kujifurahisha tu.

Marekani ililipia somo hili kwa maisha ya watu. Agosti 2000, kampuni ya Firestone ilitangaza kuyarudisha matairi milioni 6.5, mengi yakiwa yamefungwa kwenye gari aina ya Ford Explorer. Ngozi za matairi hayo zilikuwa zinabanduka na magari kupinduka. Mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilihusisha matairi hayo na vifo 271. Kampuni hizo mbili zikatupiana lawama, na moja ya hoja zilizobishaniwa ilikuwa upepo: Ford ilipendekeza PSI 26, Firestone ikasema afadhali 30.

Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka huo huo, na kufikia Septemba 2007 kila gari jipya dogo lilitakiwa kuwa na mfumo wa kuonya. Ulaya ilifuata, na tangu Novemba 2014 magari mapya yote ya abiria huko huuzwa yakiwa na mfumo huo. Japani haikuweka sharti kama hilo. Na kwa kuwa magari mengi ya mtumba yanayoshuka bandarini Mombasa na Dar es Salaam hutoka Japani, wenye fowili wengi wa huku hawana kihisi chochote. Wakikitaka, wakinunue.

TAA YA KIWANDANI NA MIPAKA YAKE

Walio na mfumo wa kiwandani nao wasilale. Taa ile ya njano kwenye dashibodi iliwekwa kwa ajili ya mtu wa lami.

Kwanza, sheria ya Marekani inataka taa iwake upepo ukishuka asilimia 25 chini ya kiwango cha gari. Kama kibandiko kwenye mlango wa dereva kinasema PSI 36, basi taa inaweza kusubiri hadi 27. Mwenye 28 anaenda safari akidhani yuko sawa, huku tairi linapikika.

Pili, sheria hiyo hiyo inaupa mfumo hadi dakika 20 za mwendo kabla ya kuonya. Kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, dakika 20 ni zaidi ya kilomita 26. Kwa tairi linalovuja polepole hilo linavumilika. Kwa tairi lililochanwa na jiwe, utakuwa umeshamaliza tairi na pengine umeanza kula ringi.

Tatu, ipo mifumo ya kiwandani ambayo haipimi upepo kabisa. Inatumia vifaa vya breki za ABS kuhesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi lililopungukiwa upepo huwa dogo kidogo, kwa hiyo huzunguka haraka kuliko mengine, na kompyuta hushtuka. Ni akili nzuri kwenye lami. Kwenye mchanga au matope magurudumu hutereza ovyo, hesabu zikavurugika. Na mifumo mingi ya aina hiyo, matairi yote manne yakipungua kwa pamoja, haioni kitu, kwa sababu hakuna la kulinganisha nalo.

Sasa mfikirie mwenye fowili. Yeye hushusha upepo wa matairi yote manne kwa makusudi, ili tairi litandaze na lisizame. Barabarani ana 34 au 36. Kwenye mawe anashuka hadi 22 au 25. Kwenye mchanga laini au vumbi la fesh-fesh anaweza kufika 18, wengine 15. Taa ya kiwandani itawaka siku nzima, naye ataizoea. Jioni atapanda lami taa ikiwa bado inawaka, na hatashtuka.

Hapo ndipo hatari kubwa ya mwenye fowili ilipo. Mwiba na jiwe ni maadui wanaojulikana. Kusahau ndiko kunakovizia: umeshusha upepo asubuhi, umechoka, jua limezama, watoto wamelala nyuma, na unaenda 100 kwa saa ukiwa na PSI 18.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani, kabla ya bei na kabla ya rangi ya kioo, liwe hili: je, kifaa hiki kinaniruhusu nijiwekee mwenyewe kiwango cha kengele, na kinashuka hadi ngapi? Kuna vinavyogoma kushuka chini ya kiwango fulani. Hivyo viachie teksi. Bora zaidi ni kile kinachokubali viwango viwili, kimoja cha porini na kimoja cha lami, ukabadilisha kwa kubonyeza mara moja.

CHA NJE AU CHA NDANI?

Vihisi vinavyopima upepo moja kwa moja viko vya aina mbili.

Cha nje kinachukua nafasi ya kifuniko cha valvu. Unakikaza kwa mkono, kinaanza kazi. Huhitaji fundi, na betri yake ndogo ya duara, katika aina nyingi, unaibadilisha mwenyewe. Ukibadilisha matairi unavihamisha. Kwa wenye Land Cruiser za zamani zinazotumia tyubu na ringi za kufungua vipande, cha nje ndicho chao. Cha ndani cha kawaida hufungwa kwenye shina la valvu ya ringi isiyo na tyubu, na tyubu haina nafasi ya kukipokea.

Ila cha nje kina maudhi yake. Ili kisome upepo, lazima kikandamize sindano ya valvu ibaki wazi. Maana yake kihisi chenyewe kinakuwa kizibo: kikivunjwa na tawi au jiwe, au mpira wake ukichakaa, upepo unatoka. Uzito wake pia huyumbisha shina la valvu la mpira kila gurudumu linapozunguka, na shina lililochoka huchanika chini. Anayefunga vya nje kwenye gari la porini abadilishe kwanza mashina ya mpira, aweke ya chuma. Ni kazi ndogo kwa fundi pancha, na inaokoa mengi.

Kuna wizi pia. Kihisi cha nje kinaonekana, na mwenye mkono mrefu anakifungua kwa sekunde tano. Vingi huja na nati ya kuzuia wizi, ila nati hiyo inataka spana ndogo kila unapotaka kushusha au kujaza upepo. Mara nne asubuhi, mara nne jioni, gizani, na spana yenyewe imeanguka majanini. Dereva anayeshusha upepo kila wikendi aifikirie kero hiyo mapema, maana kero ndiyo humfanya mtu aseme “twende tu, tutajaza mbele.”

Cha ndani kimejificha ndani ya ringi, nyuma ya valvu. Mwizi hakioni, jiwe halikifikii, na kushusha upepo ni kama kawaida. Ubaya ni kwamba ili kukifunga lazima tairi livuliwe. Betri yake kwa kawaida hudumu kati ya miaka mitano na kumi, na ikiisha unanunua kihisi kipya kwa sababu imefungiwa humo humo. Halafu kuna fundi pancha wa kijijini. Yeye anavua tairi kwa pao la chuma na nyundo, kama alivyofundishwa. Asipoambiwa kuna kitu ndani, atakivunja, na kosa halitakuwa lake. Ni busara kuweka alama ya rangi kwenye valvu na kumwambia kabla hajaanza: “Fundi, hapa ndani kuna sensa, anzia upande wa pili.”

Anayebeba dawa ya kuziba pancha, ile ya kumiminwa kupitia valvu, ajue kwamba inaweza kuziba tundu la kihisi cha aina yoyote. Baada ya kuitumia, asiamini namba mpaka kihisi kisafishwe.

MASWALI YA DUKANI

Muuzaji atasema, “Boss, hii inapima kila kitu.” Mnunuzi ajibu kwa maswali.

La kwanza tumeshaliona: kengele inashuka hadi ngapi?

La pili: kinatoa taarifa kila baada ya muda gani gari likienda polepole? Vihisi vingi vya ndani hulala gari likisimama ili kulinda betri, na huamka gurudumu likizunguka kwa mwendo fulani. Kwenye mbio za kutambaa milimani, mwendo huo unaweza usifikiwe saa nzima. Kule Rhino Charge, mashindano ya Kenya yaliyoanza 1989 kuchangia uhifadhi, mshindi ni yule anayepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, na kuna mahali magari yanaenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kihisi kinacholala huko hakina faida. Kinachofaa ni kile kinachotuma taarifa papo hapo kinapoona upepo unashuka ghafla, hata kama kwa kawaida hutuma kila baada ya dakika kadhaa.

La tatu: kinapiga kelele au kinawasha taa tu? Ndani ya gari la porini kuna mtikisiko, muziki na abiria. Dereva anatazama njia, haangalii kioo kidogo kwenye kona. Kengele isikike. Vinavyotegemea simu peke yake vina udhaifu: simu ikiisha chaji, ikipigiwa, au programu ikifungwa, kengele imekufa.

La nne: kinaonyesha joto la tairi? Namba ya joto haitakuwa sahihi kabisa, hasa kwa vihisi vya nje vinavyopulizwa na upepo wa barabarani. Lakini ukiona tairi moja lina joto kuliko mengine matatu, simama. Huenda breki imekwama au fani imeanza kufa.

La tano: vihisi viko vingapi? Vinne ni pungufu. Tairi la spea linaning'inia nyuma au chini ya gari miezi na miezi bila kuguswa, na siku unayolihitaji ndiyo siku unakuta halina upepo. Anayevuta trela ahesabu magurudumu yake pia, na aulize kama kuna kifaa cha kusukuma mawimbi, kwa sababu mawimbi ya kihisi ni madhaifu na gari refu la chuma huyakata.

La sita linahusu wanaoagiza magari au vihisi kutoka nje. Vihisi vya soko la Marekani kwa kawaida hutumia mawimbi ya megahatsi 315, vya Ulaya 433. Gari lenye kipokezi cha 433 halitasikia kihisi cha 315 hata ulipe mara mbili.

NAMBA ZINAZODANGANYA

Ukishakifunga, jifunze kukisoma. Upepo wa tairi haukai mahali pamoja.

Joto la kwanza. Joto la tairi likipanda kwa nyuzi 10 za Selsiasi, presha hupanda kwa karibu PSI 2. Tairi ulilojaza 34 saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Naivasha ikiuma, litasoma zaidi mchana. Usilipunguze. Kipimo cha kwenye kibandiko cha mlango ni cha tairi la baridi, lililopumzika saa tatu hivi.

Wazoefu wa fowili hutumia kanuni rahisi hapa. Soma namba tairi likiwa baridi, endesha kama saa moja, soma tena. Ikipanda karibu PSI 4, ulianza vizuri. Ikipanda sana kupita hapo, tairi linajikunja na kupikika: ulianza na upepo mdogo kwa mzigo na mwendo huo. Subiri lipoe, ongeza. Ikipanda kidogo mno, huenda ulijaza kupita kiasi. Bila kihisi, kanuni hii inataka kusimama na kuinama mara nne. Ukiwa nacho, unatazama tu.

Mwinuko nao una mambo yake. Anga ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo tairi lile lile, kwa joto lile lile, kipimo cha mkono kitasoma karibu PSI 2.7 zaidi Nairobi kuliko pwani. Naivasha, iliyo juu kidogo zaidi, tofauti inakaribia 3. Sasa, baadhi ya vihisi hupima presha nzima ya ndani kisha huondoa kiwango cha anga ya usawa wa bahari, popote gari lilipo. Vikiwa Naivasha vitaonyesha karibu PSI 3 chini ya ukweli. Dereva anajaza, anajaza, na bado kioo kinamwambia hakijatosha.

Dawa yake ni kipimo kizuri cha mkono. Siku ya kufunga vihisi, pima matairi yote kwa kipimo hicho, linganisha na kioo, andika tofauti. Kama kihisi kimoja kinapingana na vingine vitatu, kirudishe dukani kabla risiti haijapotea.

Na anayebadilisha matairi ya kiwandani kwa matairi makubwa ya porini akumbuke kwamba kibandiko cha mlangoni kiliandikwa kwa matairi yaliyokuja na gari. Matairi ya mzigo mzito mara nyingi huhitaji upepo zaidi kubeba uzito ule ule. Kengele lazima ipangwe upya.

KABLA YA KUPANDA LAMI

Hakuna kihisi kinachojaza upepo. Gari lenye mfumo wa bei mbaya lisilo na pampu ya umeme ni sawa na timu yenye kocha na haina mshambuliaji. Kengele ikilia porini, dereva anahitaji pampu inayotumia betri ya gari, kipimo cha mkono, vifaa vya kuziba pancha, jeki inayofaa urefu wa gari lake na wili spana inayofungua nati zake. Jeki nyingi zilizokuja na gari hazifiki baada ya gari kuinuliwa. Ajaribu nyumbani.

Mwenye bajeti ndogo afuate mpangilio huu: kwanza kipimo cha mkono, pili pampu, tatu kihisi. Anayeanza na kihisi ataambiwa ana tatizo, kisha atakaa nalo.

Lakini mwenye kipimo na pampu tayari, kihisi kinampa kitu ambacho hivyo viwili haviwezi: kinamwangalilia tairi akiwa kwenye mwendo, na kinamkumbusha akichoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa tairi huanza na PSI mbili tatu ambazo jicho halizioni.

Matumizi yake siku ya mbio ni rahisi. Ukifika mwisho wa lami, shusha upepo, badilisha kengele iwe ya porini. Tazama mbio, piga kelele, meza vumbi lako. Jioni, kabla gurudumu la mbele halijagusa lami, irudishe kengele kwenye kiwango cha barabara. Kifaa kitaanza kulia mara moja, kwa matairi yote manne. Kiache kilie. Washa pampu, jaza la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kwa pampu ndogo kazi hiyo inaweza kuchukua nusu saa, na magari mengine yatakupita yakipiga honi.

Ogier alipoteza dakika mbili na kitu Kedong, akarudi mwaka uliofuata na kushinda Safari ya 2023. Dereva wa familia hana mwaka unaofuata wa kurekebisha kosa la kilomita 100 kwa saa. Kengele ikinyamaza, ndipo aondoke.